Mlango wa Kwanza Uwe Upi?

Kila atungaye kitabu cha kumfundisha kompyuta mtu asiyepata kuigusa hukabiliwa, kabla ya kuandika hata sentensi moja, na mushkili wa tartibu: lipi litangulie na lipi lifuate. Aghalabu mtungaji, kwa kuwa yeye ni fundi, huifuata tartibu ya mashine. Huanza na tarehe ya kompyuta duniani, akavitaja viungo vyake kimoja kimoja, kisha akaingia katika kusakinisha mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayozitawala programu nyingine zote na kuzigawia kumbukumbu na diski, hata msomaji akifika penye haja iliyomleta amekwisha kuchoka.

Natukadirie kuwa yuko katibu wa kikundi cha wakulima huko Mata, upande wa Taveta, atakaye kuandika zamu za maji ya mfereji katika kompyuta kuukuu waliyopewa, nayo ina mfumo wake ndani tayari. Mlango wa usakinishaji haumfai kitu. Tena wamdhuru, maana akizijaribu hatua zake kwa kutafuta elimu, kila kilichomo kwenye diski chaweza kufutika.

Mushkili huu si mpya. Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell, Marekani, walitoa kitabu cha kwanza cha mfumo wa Unix, kikiwa na mafungu saba, na amri zake zikifuatana kwa alfabeti. Ilikuwa fahirisi njema kwa ajuaye jina la kitu akitafutacho. Lakini mgeni, ambaye hata jina halijui, angeingilia wapi? Ndipo mwenzao, Brian Kernighan, alipoandika risala fupi kwa wanaoanza, na katika fasili yake ya kwanza, kabla hajagusa habari za mafaili, alieleza namna ya kuingia, namna ya kusahihisha herufi iliyokosewa, namna ya kuisimamisha programu, na namna ya kutoka. Naiona hiyo kuwa hekima kubwa, kwani aogopaye kuharibu hafundishiki.

Watungaji wa kitabu cha wanaoanza cha mfumo wa Ubuntu, kilichotoka mwaka 2010, walitanguliza usakinishaji, na walikuwa na udhuru: msomaji wao aghalabu aliutafuta mfumo huo mwenyewe, akautia mwenyewe katika mashine yake. Katibu wa Mata si msomaji wa namna hiyo.

Kwake yeye mlango wa kwanza uwe wa kuwasha, kuzima, na kutengua kosa. Na wa pili, ambao ningeupa kurasa nyingi kuliko yote, uwe wa kuhifadhi. Hapa ndipo wengi hupotea. Maandishi yaliyo mbele ya macho hukaa kwanza katika kumbukumbu ambayo umeme ukikatika huwa tupu, na hayadumu ila yakiandikwa katika diski. Na hata yakiisha kuandikwa, mwanafunzi asiyejua aliyaweka katika folda gani hudhani yamemezwa. Kwa hiyo namna ya kulipa faili jina, kulitafuta kesho yake na kulinakili katika flashi, yote hayo na yafundishwe kabla ya rangi za herufi na mapambo mengine, ambayo vitabu vingi huyakimbilia kwa kuwa yapendeza pichani.

Kuchapa karatasi kufuate, kisha intaneti, na ndani yake onyo kuhusu masasisho, ambayo huweza kuila bando ya wiki nzima kwa usiku mmoja bila mwenyewe kuwa na habari. Viungo vya mashine na vitajwe kila kimoja pale kinapohitajiwa. Ama usakinishaji, uwekwe nyuma kabisa, karibu na fahirisi. Fundi atakayeitwa kutoka Voi atajua pa kuutafuta.