Fahamu: Nyota za hospitali hupimwaje?

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kuvipa nyota, sifuri hadi tano, zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya. Wakaguzi huangalia dawa zilizopo stoo, usafi, kumbukumbu za wagonjwa, hata malalamiko ya wananchi yanavyoshughulikiwa. Awamu ya kwanza, takriban theluthi moja ya vituo viliambulia sifuri. Kufikia 2017/18 vyenye sifuri vilibaki takriban asilimia 4. Ni hatua kubwa kweli.

Lakini mjamzito anayeshikwa uchungu usiku milimani Usangi, wilayani Mwanga, anataka kujua jambo moja: damu ipo, na mtaalamu wa upasuaji yupo? Majibu hayo yabandikwe mlangoni mwa kituo, na kamati ya afya iyasome kwenye mkutano wa kijiji.