Chozi Si Kolibri

Huenda baadhi yenu mnakumbuka kwamba mwaka jana, katika kurasa hizi hizi za Kiswahili, niliandika habari za ndege mdogo anywaye mbochi wa maua ya migomba nyuma ya bweni letu, nikamwita kolibri. Gazeti lilipotoka, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisimama katika chama chetu cha sayansi akasema, "Kaka, samahani, huyo ni chozi. Kolibri hawapo Afrika. Tena huyo hunywa akiwa amekaa." Nilimjibu kwamba nimemwona kwa macho yangu akisimama hewani, na kwamba mtoto asiyeota hata ndevu hawezi kunifundisha ndege wa kwetu. Watu wakacheka. Kijana akaketi, na juma lililofuata hakuja chamani.

Basi, mwezi wa Aprili mwaka huu nilipata bahati ya kwenda Marekani pamoja na wenzangu wawili, kwa mwaliko wa kanisa moja la mji wa Tucson katika jimbo la Arizona. Mji huo umo ndani ya jangwa la Sonora, ambalo huvuka mpaka likaingia Meksiko. Mimi nilidhani jangwa ni mchanga mtupu. Sivyo hata kidogo. Pale pamejaa mimea ya miiba, na mkubwa wao ni saguaro, ambao husimama kama nguzo yenye mikono, mrefu kupita mita 10, na huweza kuishi zaidi ya miaka 150. Tumbo lake limejaa maji.

Mwenyeji wetu, mzee aliyestaafu ualimu, alituamsha alfajiri, akatupa darubini, tukaondoka. Alituonyesha kigogota akitoboa saguaro. Mmea ule ukijeruhiwa hutengeneza gamba gumu kuzunguka jeraha, na likikwisha kukauka, tundu huwa chumba kizuri, chenye kivuli na ubaridi kuliko nje. Kigogota akihama, wengine huingia. Jioni tulipokuwa tukirudi tulimwona mpangaji mmoja akichungulia: bundi asiyezidi shomoro kwa ukubwa, gramu 40 hivi. Hula wadudu na hata nge, naye huwang'oa mwiba kwanza. Kwetu bundi akilia juu ya paa wazee hawapati usingizi, lakini yule hangeweza kumtisha mtu.

Mchana tulipanda mpaka bonde la Madera, katika milima ya Santa Rita, kusini ya Tucson. Huko, mbele ya nyumba ya wageni, wametundika chupa za maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji. Nilisikia mvumo karibu na sikio langu, nikadhani ni nyuki mkubwa, nikainama. Mzee akacheka. Alikuwa kolibri dume, mdomo mwekundu, koo la buluu, uzito wake gramu 4 hivi. Alisimama hewani mbele ya chupa kana kwamba ametundikwa kwa uzi, akanywa, kisha akarudi kinyumenyume bila kugeuka. Kinyumenyume! Hapo nilimkumbuka yule kijana.

Mzee alinieleza siri yake. Bawa la kolibri huzunguka begani, likachora hewani kama tarakimu nane iliyolala. Likishuka humbeba, na likirudi humbeba tena. Karibu robo tatu ya nguvu hutoka katika pigo la kwanza, na robo katika la pili. Hupiga hivyo mara 40 au zaidi kwa sekunde moja. Bawa la chozi linapopanda halimbebi vile, kwa hiyo yeye huweza kusimama hewani kidogo tu, kisha hutafuta pa kukaa. Kule kusimama kidogo ndiko kulikonidanganya. Lakini niseme kweli, baadhi ya kolibri nao walikaa ukingoni mwa chupa wakinywa. Hoja ya kijana haikuwa kamili, ila yangu ilikuwa mbovu kabisa.

Tena si ndugu. Kolibri, ambao jamii zao hupita 300, wapo Amerika peke yake, na jamaa zao wa karibu ni vijumbamshale. Chozi (siwaiti machozi, msomaji asije akadhani nalia) wapo Afrika, Asia mpaka Australia, nao ni wa ukoo mmoja na ndege waimbao, pamoja na shomoro. Wamefanana midomo kwa sababu wamefanya kazi moja kwa muda mrefu sana.

Niliporudi shuleni nilikwenda bwenini kwa yule kijana, ambaye sasa yumo kidato cha tatu, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kaka, mwili mdogo hivyo, usiku wanaishije bila kula?" Nikamweleza kwamba usiku wa baridi kolibri huacha mwili wake upoe, moyo ukapiga polepole, ungemdhania maiti, na alfajiri hujipasha moto tena.

Jumamosi tulikwenda sote wawili kwenye migomba. Chozi mmoja alikuja akasimama hewani mbele ya ua. Nikaanza kuhesabu, na kabla sijafika tatu alikuwa amekwisha kukaa.