Unataka kuwa kedi wa gofu? Anza na macho

Ukiishi karibu na mashamba ya chai ya Kericho na Nandi Hills, au kule Mumias kwenye miwa, huenda umewaona wachezaji wa gofu wakifuatwa na mtu aliyebeba begi refu la fimbo. Huyo ndiye kedi. Wengi hudhani ni kazi ya mabega tu. Mabega yanahitajika, ndiyo, kwa sababu mchezo wa mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, mkitembea kilomita kadhaa. Lakini mchezaji hatakuita tena kesho kwa sababu una nguvu.

Atakuita kwa sababu uliuona mpira wake ulikoangukia. Sheria humpa dakika tatu tu za kuutafuta. Zikiisha, mpira umepotea na anaongezewa adhabu. Kwa hiyo akishapiga, usimtazame yeye. Fuata mpira kwa macho mpaka utue, kisha shika alama: mti, kichuguu, kona ya ua.

Jambo la pili ni sheria, maana kosa la kedi ni kosa la mchezaji. Kabla ya kuanza, hesabu fimbo zilizomo begini. Zisizidi 14. Mpira ukiwa kwenye grini, yaani zile nyasi fupi kabisa zenye shimo, unaweza kuweka alama na kuuokota ili uufute. Ukiuokota hivyohivyo katikati ya uwanja bila mchezaji kukuruhusu, umemwongezea pigo moja. Usisimame nyuma yake kumwelekeza anapojipanga kupiga. Kwenye shimo la mchanga, sawazisha nyayo kwa reki baada ya yeye kupiga. Na simu, tafadhali, izime mlio.

Kuingia kwenye kazi si kugumu sana. Fika klabuni asubuhi na kitambulisho chako, umuulizie msimamizi wa makedi, ambaye wengi humwita kedi masta. Yeye ndiye huandikisha watu na kugawa zamu. Kwa kawaida utaanza kwa kumfuata kedi mzoefu. Klabu hazifanani, basi uliza taratibu za pale, na usimpe mtu wa getini pesa za "kukuingiza".

Sasa pesa. Makedi wengi hawana mshahara: hulipwa kwa kila mchezo, na bakshishi ni hiari ya mchezaji. Mvua ikinyesha kutwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Wikendi na siku za mashindano ndizo zenye kazi. Katikati ya wiki unaweza kukaa kivulini hadi jioni. Kama una shamba au mifugo, usiviache kwanza.

Uliza pia nani atalipa hospitali ukipigwa na mpira, kwa sababu ni mgumu na huja kwa kasi. Ukisikia mtu akipaza sauti "foo!", usigeuke kutazama. Inama, funika kichwa.

Wapo waliovuka kutoka kubeba begi hadi kucheza wenyewe. Dismas Indiza alianza kama kedi huko Mumias, akawa mchezaji wa kulipwa anayejulikana nchini kote. Kama nawe una hamu hiyo, muulize kedi masta ni siku gani makedi wanaruhusiwa kufanya mazoezi uwanjani.