Maumivu ya Kifandugu

Ndugu wajumbe, mama anayesimama katikati ya mkutano huenda hana dharau. Kifandugu, mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, huumia kwa kuangukia makalio, kujifungua au kukalia mahali pagumu muda mrefu. Wanawake huugua mara 5 hivi kuliko wanaume, na wengi huona haya kusema. Mara nyingi hupona kwa wiki au miezi michache: mto wenye uwazi nyuma, kuinamia mbele unapoketi, dawa ya maumivu. Yakidumu, mtaalamu wa kairopraktiki au fiziotherapia hulegeza maungio na misuli kwa mikono. Ushahidi bado mdogo, ila wapo wanaopata nafuu. Mfupa uliovunjika usikandwe. Penye homa, ganzi mapajani au mkojo usiozuilika, hospitali kwanza, tena siku hiyo hiyo. Na mabenchi yetu, kwa kweli, ni magumu.