Ndege za Vita na Ramani ya Ziwa Tanganyika

Programu ya kuigiza urukaji wa ndege za vita, yaani mchezo wa kompyuta unaofuata kanuni halisi za urukaji, hutegemea mambo mawili: umbo la ndege na ramani ya nchi inayorukiwa. Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ramani huwa ngumu, kwa kuwa mji wa Uvira umebanwa kati ya ziwa, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mitumba inayopita mita 3,000. Vipimo vya rada vilivyochukuliwa Februari 2000 kutoka chombo cha anga Endeavour huonyesha miinuko hiyo, lakini ufuko wapaswa kuchorwa upya, kwani maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kufunika baadhi ya mitaa.

Kuhusu ndege, historia inatoa mfano bora: mwaka 1916 Wabelgiji walitumia ndege za majini aina ya Short 827, zilizotua majini kwa maboya, kushambulia bandari ya Kigoma, kando ya ziwa hilo, iliyoshikiliwa na Wajerumani. Anayeiunda ndege hiyo katika programu lazima aingize uzito wake, ukinzani wa maboya, na upungufu wa nguvu za injini unaoletwa na joto na hewa nyepesi ya mwinuko wa ziwa. Vijana wa Uvira, wanaoujua ufuko wao, ndio wanaostahili kuisahihisha ramani hiyo.