Chujio la Hodhi Kubwa ya Samaki, Lifanyalo Kazi Bila Mtu

Wasomaji wetu, kila mgeni apitaye nyumbani kwetu hapa Katindiuka huiona hodhi ya samaki iliyo barazani, naye huuliza neno lile lile: "Maji haya mwayabadilisha mara ngapi?" Tukimjibu ya kuwa hatuyabadilishi yote kamwe, ila twaondoa ndoo chache kila juma na kurudisha nyingine, hucheka akidhani twamfanyia mzaha. Basi leo twataka kueleza jinsi maji yale yanavyosafishwa, na jinsi sisi wenyewe tulivyokosea hapo mwanzo hata tukapata hasara, ili mwalimu au mwenye nyumba atakaye kujenga hodhi kama hii asipite njia tuliyopita sisi.

Hodhi yetu ni ya matofali na saruji. Urefu wake ni mita 2, upana mita 1, na kina cha maji ni nusu mita. Kwa hiyo yaingia lita 1,000. Upande mmoja tumetia kioo kinene cha milimita 12, watoto wapate kutazama. Tuliijenga mwaka 2022, tukaijaza maji na kuyamwaga mara nyingi kabla ya kutia kiumbe ndani yake, maana saruji mpya hutoa chokaa, nayo huwachoma samaki. Kisha tukatia perege 24, tuliowachagua mmoja mmoja kwa wavuvi wa mto Kilombero. Hao hawakuwa pambo la baraza. Walikuwa mbegu ya bwawa letu la shambani, na vifaranga vyao ndivyo tulivyotazamia kuuza ili kununua sare na madaftari ya watoto mwaka uliofuata.

Chujio letu la kwanza halikuwa na ustadi wowote: pipa lililokatwa nusu, kokoto ndani yake, na pampu ndogo ya umeme ya kupandisha maji. Lilifanya kazi vizuri kuliko tulivyotumaini. Hata baada ya miezi miwili tukaona kokoto zimegeuka rangi, zina utelezi wa udongo-udongo, tukachukizwa. Jumamosi moja tukazitoa zote, tukazisugua kwa sabuni, tukazisuuza, tukazianika juu ya jamvi kutwa nzima kwenye jua la Ifakara, ambalo halina haya. Zikarudi pipani nyeupe kama mchele.

Siku ya Jumatatu maji yalikuwa safi ajabu. Mtu angeweza kusoma kitabu kilichowekwa upande wa pili wa kioo. Siku ya Jumatano perege walikuwa juu ya maji wote, vinywa wazi, wakitweta. Siku ya Ijumaa tulikuwa tumekwisha kuzika 17 chini ya mgomba.

Jioni ile alipita mzee mmoja Mndamba, jirani yetu, aliyevua samaki maisha yake yote.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso zimeanguka?"

Tukamweleza. Akainama, akaokota kokoto moja pipani, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mmeyafua mawe kama nguo?"

"Ndiyo, Babu. Yalikuwa machafu."

"Mimi sijaona samaki mtoni akipenda jiwe lililofuliwa. Jiwe lenye utelezi ndilo lenye uzima."

Mzee hakujua jina la kidudu hata kimoja, wala hakuwa na haja nalo. Baadaye tulipotafuta vitabuni tulikuta ya kuwa alisema kweli tupu, na ya kuwa utelezi ule tulioutupa ndio uliokuwa chujio lenyewe. Kokoto zilikuwa nyumba tu.

Mambo yako hivi. Samaki apumuapo hutoa kwa mashavu yake sumu iitwayo amonia; chakula kilichobaki na mavi yake yakioza hutoa amonia pia. Haina rangi majini, kwa hiyo maji meupe yaweza kuwa ya kuua. Tena hudhuru zaidi maji yakiwa ya joto na yenye chokaa, yaani hasa maji ya hodhi ya saruji katika bonde letu. Lakini wako vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho, wakaao juu ya mawe na mchanga, ambao riziki yao ni amonia ile. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu bado. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia na mimea huipenda kama samadi. Mtaalamu Mrusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga vijidudu hawa mwaka 1890 alipokuwa Zürich, akaonyesha ya kuwa kazi ile ni ya makundi mawili, si ya moja. Vijidudu hawa huongezeka polepole mno. Katika hodhi mpya yapita majuma manne hata sita kabla hawajatosha. Sisi kwa sabuni na jua tuliwaua kwa siku moja.

Wala jambo hili si la samaki peke yao. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji mkubwa wa Ujerumani uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu zaidi ya 8,000 wakafa. Mji wa Altona, uliopakana nao, ulichota maji ya mto ule ule, tena upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Lakini wao waliyapitisha kwanza polepole katika vitanda vya mchanga, na waliougua kwao walikuwa wachache mno. Na katika vitanda vile kazi kubwa hufanywa na ngozi nyembamba ya utelezi hai iliyo juu ya mchanga. Mtu akiikwangua yote, chujio huwa dhaifu mpaka ngozi iote tena.

Tulipoyajua hayo tukajenga chujio la pili, na hili ndilo lililopo leo. Tulitaka lifanye mambo mawili: liwape vijidudu maji na hewa kwa zamu, maana wao nao wapumua, na lijiendeshe lenyewe usiku na mchana, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani awezaye kukaa akifungua na kufunga koki.

Tulichukua pipa la plastiki la lita 200, tukalikata nusu kwa kimo, tukaliweka juu ya meza ya matofali, ili sakafu yake iwe juu kuliko maji ya hodhi. Katikati ya sakafu tulitoboa tundu, tukapitisha bomba la plastiki la inchi 1, tukalikaza kwa nati na washa za mpira lisivuje. Bomba hili la kati lasimama ndani ya pipa kimo cha sentimita 35, wazi juu. Na chini latoka nje likishuka hodhini, na mwisho wake tumetia kona. Kisha tukalifunika kwa bomba pana zaidi, la inchi 2 na nusu, lililozibwa juu kama kofia na kukatwa meno chini ili maji yapite. Nje ya kofia likasimama bomba la tatu, la inchi 4, lenye matundu mengi, kuzuia kokoto zisiisonge kofia. Ndipo tukajaza kokoto za ukubwa wa harage hata kidole, zilizosuuzwa kwa maji matupu, mpaka zikapita kilele cha bomba la kati kwa sentimita 5. Hivyo maji hayaonekani juu kamwe, mwani hauoti, wala mbu hawana mahali pa kutaga. Kwa nyumba za Ifakara faida hii ya mwisho si ndogo.

Sasa tazama litendavyo. Pampu iliyo hodhini yapandisha maji pipani bila kukoma. Yapanda taratibu kati ya kokoto hata yafike kilele cha bomba la kati, yaanza kumwagikia ndani yake. Yakizidi yalijaza bomba lote, yafukuza hewa iliyo chini ya kofia, na mara mvuto waanza, kama wa mpira wa mtu ahamishaye mafuta ya taa kutoka pipa kubwa hata dumu. Maji yashuka kwa kishindo, na nyuma yake hewa mpya yaingia kati ya kokoto zote. Yakifika kwenye meno ya kofia, hewa yapenya, kofia yakoroma, mvuto wakatika. Na maji yaanza tena kupanda. Hakuna saa ndani yake, hakuna waya, hakuna kitu kichezacho. Tulipima kwa ndoo: pampu yetu hujaza lita 20 kwa dakika 1 na nusu, na nafasi iliyo kati ya kokoto ni lita 36 hivi, kwa hiyo pipa hujaa kwa muda wa dakika 3 kasoro. Mkoromo ule tumeuzoea hata usingizini. Usiposikika, mama wa nyumba huamka wa kwanza.

Chujio la namna hii lina magonjwa mawili, nasi tuliugua yote mawili. La kwanza: maji yakija machache, huteleza kidogo kidogo ndani ya bomba la kati na mvuto hauanzi kabisa, dawa yake ni kufungua koki ya pampu zaidi, na kuhakikisha kona ipo mwisho wa bomba, maana ndiyo iyazuiayo maji kidogo hata bomba lijae. La pili: maji yakija mengi mno, mvuto ukianza haukatiki, maji yaingia na kutoka kwa kipimo kimoja milele, dawa ni kupunguza koki. Usivunje chombo kwa hasira kabla ya kujaribu koki. Twasema haya kwa kuwa kofia yetu ya kwanza ilivunjwa hivyo.

Na umeme ukikatika? Tulitoboa tundu dogo la milimita 3 chini kabisa ya pipa, upande wa hodhini. Pampu ikisimama, maji yaliyobaki hutiririka yote kwa muda wa saa mbili hivi, na vijidudu wakabaki katika kokoto zilizolowa zenye hewa, ambako huishi muda mrefu kuliko katika maji yaliyotuama. Samaki wenyewe huwasaidia watoto, kwa kuchota ndoo na kuyamimina maji kutoka juu, yachanganyike na hewa. Lakini mtu yeyote asitie mkono hodhini kabla ya kuchomoa waya wa pampu. Amri hii kwetu haina msamaha.

Wako wasemao ya kuwa viumbe wa maji kuishi kwa mabomba ni mchezo wa wazungu. Nao wanasahau yaliyotokea upande wa juu wa bonde letu hili. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta chura mdogo sana, wa rangi ya dhahabu, katika korongo la mto Kihansi, mto ushukao kutoka milima ya Udzungwa. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko yale, wala hajaonekana pengine popote ulimwenguni. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, maji ya korongo yalipungua mno na manyunyu yakakatika. Zikatandazwa bomba za kunyunyiza, zikiendeshwa na mteremko wa maji wenyewe bila mtambo. Na mwaka huo huo chura 499 wakapelekwa Marekani, wakatunzwa katika masanduku ya kioo yenye manyunyu ya kutengenezwa. Hata huko, penye vyombo vyote, wengi walikufa kabla ya watunzaji kujifunza haja zao. Mwaka 2009 chura huyo alihesabiwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wengine 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na tangu 2012 wameanza kurejeshwa korongoni. Sisi tulipolia kwa ajili ya perege 17, habari hii ilitufariji kidogo.

Yamebaki maneno machache ya utunzaji. Atakayeanza na kokoto mpya atie samaki watatu au wanne tu, awape chakula kidogo sana, na kubadilisha robo ya maji kila baada ya siku chache mpaka majuma sita yapite. Akitumia maji ya bomba yenye dawa, ayaache wazi kutwa na kucha katika chombo kipana, kwa kuwa dawa iuayo vijidudu vya maradhi huwaua na hawa. Taka nzito huzuiliwa na kipande cha sponji mbele ya pampu. Sponji hiyo twaikamua katika ndoo ya maji ya hodhi yenyewe, si ya bomba. Kokoto hatuziogeshi kabisa. Juu yake tumepanda matembele, ambayo hunywa nitreti na kutupa mboga, ingawa imetupasa kuyang'oa mara mbili mizizi ilipolisonga bomba la inchi 4. Ndoo tuondoazo kila juma zaenda bustanini kwenye mchicha. Kambale hatumtii pamoja na vifaranga, maana atawamaliza usiku mmoja.

Wale perege 7 waliosalia walizaa mwaka uliofuata. Sare za watoto zilichelewa muhula mmoja. Pipa hili la pili halikungoja majuma sita, kwa sababu jirani mmoja aliyekuwa na hodhi ndogo alitupa ndoo mbili za kokoto zake zenye utelezi, tukazichanganya na zetu, na baada ya siku kumi hivi samaki walikula vizuri. Sisi nasi tumekwisha kuwagawia watu watatu. Msomaji aliye karibu atakaye kokoto za mbegu aje na ndoo yake yenye kifuniko, asubuhi kabla ya jua kali, na azipeleke kwake zikiwa zimelowa.