Noti za kweli kwa mkataba wa kughushi

Wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi wanamjua Vasco da Gama kwa merikebu zake zilizopita kwao mwaka 1498. Wareno walimweka, pamoja na merikebu hizo, kwenye noti ya escudo 500, na noti hiyo mwaka 1925 ilizaa moja ya kashfa kubwa za fedha Ulaya baina ya vita vikuu viwili.

Noti hizo, kila moja ikiwa na thamani ya kiasi cha pauni 5, zilichapwa London na kampuni ya Waterlow & Sons kwa ajili ya Benki ya Ureno. Artur Alves dos Reis, aliyewahi kufanya kazi Angola kwa shahada ya uhandisi ya Oxford aliyojitengenezea mwenyewe, akaghushi mkataba wa benki hiyo, na mshirika wake Mholanzi, Karel Marang, akaupeleka London. Sir William Waterlow akaambiwa ni siri kubwa: fedha ni za kuikopesha Angola, na neno "Angola" litapigwa juu yake baadaye. Akaamini. Zikachapwa noti 200,000, kisha 380,000 nyingine, kwa vyuma vile vile, na nambari zikarudiwa.

Uvumi ulipoenea, wataalamu walizikagua wakaona ni safi. Wangeona nini kingine? Reis akafungua benki yake na kuanza kununua hisa za Benki ya Ureno, maana atakayeimiliki ndiye atakayeamua kushitaki au kunyamaza.

Desemba 1925 gazeti la O Século likahoji utajiri huo unatoka wapi, na wakaguzi mjini Porto wakakuta noti mbili zenye nambari moja. Benki ikaziondoa zote na kuwalipa waliokuwa nazo. Mei 1926 jeshi likaiangusha jamhuri, na baadaye akaja Salazar. Jamhuri haianguki kwa noti peke yake, sisi tunaoandika ughaibuni tunalijua hilo, lakini imani ya wananchi ilikwishaliwa.

Reis alihukumiwa miaka 20 mwaka 1930. Kesi dhidi ya Waterlow ilifika Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mwaka 1932 majaji watatu waliamuru benki ilipwe pauni 610,392. Wawili walipinga: kwa maoni yao, benki ilipoteza gharama ya kuchapa tu.